Jibu: Mteja wa Uholanzi anataka nilipwe kupitia kampuni ya mishahara Nairobi

Dada, nimekuelewa: umezoea kutuma ankara mwenyewe, sasa mteja anataka uajiriwe na kampuni ya Nairobi huku kazi ukiendelea kumfanyia yeye. Mpango huo ni halali, na wengi wanautumia. Kisheria mwajiri wako atakuwa hiyo kampuni.

Kabla ya kusaini, uliza kwa maandishi: kiasi ulichoahidiwa ni mshahara ghafi (kabla ya makato), au ni bajeti yote ya mteja? Hapo ndipo watu huumia. Kama ni bajeti, ada ya kampuni hutoka humo, pamoja na mchango wa mwajiri wa NSSF (mfuko wa pensheni) na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Kisha kwenye mshahara wako wanakata PAYE (kodi ya mapato), NSSF yako, SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, na asilimia 1.5 nyingine ya nyumba. Omba mfano wa payslip kabla hujakubali, usome mstari kwa mstari.

Unachopata ni likizo ya kulipwa, notisi, na fomu ya P9 ya KRA (mamlaka ya kodi), inayoonyesha mshahara na kodi yako ya mwaka.

Una wateja wengine? Tafuta kifungu kinachokataza kazi za nje, kiondolewe au ruhusa iandikwe. Mapato unayopata kutoka kwao bado utayatangaza kwenye ritani ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni. Angalia pia nani anamiliki kazi zako, na kama utalipwa hata mteja akichelewa.

Kifungu cha umiliki mpelekee wakili wa ajira. Hicho usikikisie.