Kuipangia seva ijiwashe upya kila Jumapili

Umeuliza kwa nini amri ya kuwasha upya seva ya Linux kila Jumapili alfajiri inakubali ukiiendesha kwa mkono lakini haifanyi kazi ndani ya cron, yaani programu ya Linux inayoendesha amri kwa ratiba. Ninachoshuku kwanza ni njia ya faili: cron huendesha kazi zake katika mazingira finyu, bila kusoma mipangilio ya akaunti yako, hivyo ukiandika `shutdown` peke yake huenda isiipate. Fungua jedwali la ratiba la root (akaunti ya msimamizi mkuu wa seva) kwa `sudo crontab -e`, kisha uandike:

`0 4 * * 0 /sbin/shutdown -r +5`

Nafasi hizo tano, kuanzia kushoto, ni dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki, ambapo 0 ni Jumapili; hivyo `0 4` ni saa kumi kamili alfajiri. Ile +5 huwapa walioingia kwenye seva dakika 5 za kuhifadhi kazi zao. Saa inayofuatwa ni ya seva yenyewe, ambayo mara nyingi huwa imewekwa UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo ihakiki kwa `timedatectl`.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile nakala rudufu unayosema huanza saa tisa na nusu usiku. Ikichelewa, seva itazimika katikati ya kunakili, na utabaki na faili pungufu ambalo kwa jina linaonekana zima. Ni salama zaidi kuziweka amri zote mbili katika mstari mmoja, zikiunganishwa kwa `&&`, ili seva ijiwashe upya pale tu kunakili kulipofanikiwa. Huduma zinazopaswa kurudi baada ya hapo ziwezeshe kwa `systemctl enable`.