Wasomaji wanauliza: Meneja wa besiboli, ushindi na damu ya familia

Barua za safari hii zinahusu ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na karibu zote zinamlenga yule mtu anayeegemea ukuta wa benchi akitafuna mbegu za alizeti: meneja, yaani kocha mkuu wa timu.

Bwana mhariri, timu ninayoishabikia ilishinda mechi 93. Mwaka uliofuata ikashinda 84, wachezaji wakiwa karibu wale wale, na meneja akafukuzwa. Alistahili?

Kabla ya kumhukumu, shika kalamu. Chukua pointi ilizofunga timu msimu mzima, uzizidishe kwa zenyewe. Fanya hivyo hivyo kwa pointi ilizofungwa. Gawanya jibu la kwanza kwa jumla ya majibu yote mawili, kisha zidisha kwa 162, idadi ya mechi za msimu. Tuseme mwaka ule wa ushindi 93 timu ilifunga 700 na kufungwa 650: 490,000 gawanya kwa 912,500 ni 0.537, sawa na ushindi 87. Ule ushindi sita wa ziada kwa kawaida hutoka kwenye mechi zilizoamuliwa kwa pointi moja, na bahati ya pointi moja haisaini mkataba wa mwaka wa pili. Kwa hesabu hiyo, kilichomponza meneja ni mwaka wake mzuri kuliko ule mbaya.

Zoea pia kipimo cha mchezo wenyewe. Timu yenye ushindi 100 ni bora kabisa, na bado imepoteza mara 62. Seattle Mariners walishinda 116 mwaka 2001 na hawakufika fainali. Connie Mack, aliyeiongoza timu ya Athletics kuanzia 1901 hadi 1950, ndiye meneja mwenye ushindi mwingi kuliko wote, 3,731, na ndiye aliyepoteza mara nyingi kuliko wote: 3,948.

Meneja anajuaje kwamba mrushaji, yule anayewarushia wapigaji mpira, amechoka? Mimi naona anamtoa mtu ambaye bado anafanya vizuri.

Akisubiri mrushaji aharibu, amechelewa. Dalili huja kabla ya madhara. Kasi hushuka maili moja na nusu au mbili kwa saa. Mipira iliyokuwa ikipita usawa wa magoti huanza kuelea kiunoni, kwa kuwa miguu imechoka na mkono haumalizi mzunguko wake. Mdakaji, anayepokea mirusho nyuma ya mpigaji, huanza kusogeza glavu mbali na alipoiweka. Kuna na hesabu ya zamu: wapigaji wanaokutana na mrushaji yuleyule mara ya tatu siku hiyo wameshaizoea mikono yake, hivyo warushaji wengi hutolewa hapo hata kama hawajafikisha mirusho 90.

Ugumu ni kumwandaa wa kuingia. Anahitaji dakika kadhaa za kupasha mkono, na tangu 2020 akishaingia lazima akabiliane na wapigaji watatu au amalize nusu ya inningi (raundi ambayo kila timu hupata zamu moja ya kupiga), isipokuwa akiumia au kuugua. Meneja au kocha akienda kilimani, pale anaposimama mrushaji, kuzungumza na mrushaji yuleyule mara ya pili ndani ya inningi moja, lazima mrushaji huyo atolewe. Ndiyo maana safari ya kwanza mara nyingi humtuma kocha wa warushaji, taratibu, ili kununua muda.

Kosa la mameneja wengi halionekani kwenye takwimu: kumpasha mtu moto, kumkalisha, kumpasha tena, kisha asitumike. Karatasi inaonyesha amepumzika, ila bega linajua limefanya kazi. Ukifanya hivyo Aprili, utalipa Agosti.

Kwa nini meneja anavaa jezi wakati hachezi?

Mazoea tu, ya tangu enzi ambazo meneja wengi walikuwa bado wachezaji. Mack alivaa suti na tai.

Nafundisha timu ya vijana na mwanangu ni mmoja wao. Wakubwa wanafanyaje?

Mfano mzuri ni Cal Ripken mkubwa. Mwaka 1987 aliiongoza Baltimore Orioles akiwa na wanawe wawili uwanjani, Cal na Billy. Septemba 14, timu ikizamishwa 18–3 na Toronto, alimtoa Cal na kukata mfululizo wa inningi 8,243 bila kupumzika. Aprili 1988 mzee alifukuzwa baada ya kupoteza mechi sita za mwanzo. Wanawe wakabaki kucheza chini ya meneja mwingine, na timu ikaendelea kupoteza hadi 21 mfululizo.

Kwako wewe: andika mpangilio wa wapigaji kabla ya kufika uwanjani, na sababu ya kila nafasi uwe unaweza kumwambia mzazi yeyote. Marekebisho ya ufundi ya mwanao mwachie kocha msaidizi. Wazazi wengi huwaonea watoto wao wakikwepa lawama ya upendeleo, na huo nao ni upendeleo uliogeuzwa kichwa chini. Mkiwa njiani kurudi, usizungumzie mechi mpaka aanze yeye.

Mchezaji akipata mtoto katikati ya msimu, anaruhusiwa kwenda?

Ndiyo. Tangu 2011 kuna likizo ya uzazi ya siku moja hadi tatu, na ya msiba au dharura ya familia ni siku tatu hadi saba. Timu humwita mbadala kutoka ligi ndogo, hivyo meneja habaki na pengo kwenye wachezaji wake 26.