Nilimchapa mbwa wangu kwa kutafuna viatu, kumbe mwenye kosa ni mimi

Jana nimerudi kazini saa mbili usiku nikakuta viatu vyote viko palepale mlangoni, pea tano, na Jabali kalala pembeni. Nilikaa chini nikamkumbatia. Miezi mitatu iliyopita hicho kitu hakikuwepo kabisa.

Sasa leo kuna dada kanitumia meseji, anataka kumgawa mtoto wake wa mbwa maana kamtafunia kochi na waya wa chaja. Dada yangu usimgawe, nisikilize kwanza.

Jabali alipofika miezi minne alianza kutafuna kila kitu, ndala, ufagio, kona ya kapeti, mpaka siku akatafuna kiatu cha ngozi mume wangu kanunua kwa ajili ya sendofu ya mdogo wake, na sendofu yenyewe ni kesho yake. Nilimchapa na mpini wa fagio. Akajikojolea. Baada ya hapo kila akiniona anaingia uvunguni mwa gari, hiyo picha mpaka leo haijanitoka. Jirani akanambia mfunge mnyororo ataacha, nikamfunga, akatafuna mlango wa banda na kulia usiku kucha.

Halafu asubuhi moja nafagia baraza nakuta kajino kana damu. Nikajua nimemvunja. Nikakimbia naye kwa daktari wa mifugo huku nalia, daktari akamfungua mdomo akasema huyu anang'oka meno ya utoto kama mtoto wa la kwanza, yapo 28 yanatoka yote, yanaota 42 ya kikubwa, mpaka afike miezi sita saba hivi fizi zinamsumbua na kutafuna ndio nafuu yake. Akaniuliza, nyumbani anachezea nini? Nikamwambia nimempa ndala ya zamani. Akasema, sasa yeye atajuaje ipi ya zamani na ipi ya sendofu?

Jamani. Mimi ndiye nimemfundisha kiatu ni chake, halafu nikampiga kwa hilohilo.

Kwa hiyo viatu na waya weka juu, usimwachie hata ndala iliyokatika. Mpe karoti nzima iliyotoka friza, ule ubaridi unatuliza fizi, na mpira mgumu wa kutafuna. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka inakuwa mikali inaweza kumchoma tumboni. Akidaka kitu usimkimbize, anaona ni mchezo, mpe chake, akiachia msifie. Na ukikuta kashatafuna wewe hupo, okota nyamaza, hajui unamgombezea nini. Watu tunataka mbwa mlinzi ila kumlea hatutaki, tunataka azaliwe na akili za miaka mitano, haiwezekani, ni kiumbe kinalelewa kama viumbe wengine.

Dada, hizo karoti ziweke friza usiku huuhuu. Na kama ulishampiga, kaa chini usawa wake, usimvute, mwache aje mwenyewe. Wangu alichukua siku nane.