Maswali ya Wasomaji: Chuo Kikuu na Biashara ya Mwanafunzi

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Pamoja na wenzangu wawili tunatengeneza siagi ya karanga na simsim, tunaiuza mabwenini na katika maduka machache ya Wandegeya. Tulisikia kwamba vyuo vina vituo vya kulea biashara changa, tukaomba mtaji, tukajibiwa kwamba fedha hazipo. Je, kuna msaada mwingine, au ni maneno ya mikutanoni tu?
Mwanafunzi, Kampala

JIBU: Msaada upo, lakini mliuomba kwa jina lisilo lake. Chuo kikuu hakiishi kwa kukopesha, na hata fedha za umma zinazopitia humo, kama zile za Mfuko wa Utafiti na Ubunifu wa Makerere ulioanza mwaka 2019, huombwa na watafiti wa chuo, mwanafunzi akiingia kama mmoja wa timu yao. Kile ambacho chuo kinacho, na ambacho ninyi watatu hamwezi kukinunua hata mkiuza mwaka mzima, ni mashine, maabara, wataalamu na jina linalofungua milango ya ofisi.

Makerere ina kituo cha teknolojia ya chakula na malezi ya biashara, ambamo wanafunzi na wahitimu husindika bidhaa zao kwa mitambo ya chuo. Kabanyolo kuna CURAD, kituo cha kulea biashara za kilimo, kilichoanzishwa na chuo hicho pamoja na NUCAFE, ambao ni muungano wa wakulima wa kahawa, na shirika la utafiti wa kilimo, NARO. Chuo cha biashara cha MUBS kilichoko Nakawa nacho kina kituo chake, na huko huko Nakawa iko taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, UIRI, ambayo si chuo kikuu lakini hupokea wajasiriamali wadogo. Chuo kikuu cha Mbarara kimejikita zaidi katika vifaa vya tiba.

Kwa bidhaa yenu, mlango wa kwanza kugonga ni maabara, kwa sababu adui wa karanga ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ambayo haionekani wala haina ladha. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu jumla ya sumukuvu kuzidi mikrogramu 10 katika kilo moja, na kwa aina ya B1, iliyo kali kuliko nyingine, kikomo ni 5. Wengi hudhani kwamba kukaanga kunaimaliza; kunaipunguza tu. Kinachosaidia kweli ni kununua karanga zilizokaushwa hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 7, kisha kuketi na kuzichambua kwa mkono, mkitupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizoota ukungu, kabla ya kuwasha jiko. Hata kupima kuna ufundi wake: sumu hiyo haisambai sawasawa ndani ya gunia, na punje chache mbovu zaweza kubeba karibu yote, kwa hiyo mkichota kiganja kimoja cha juu mtapata jibu la kuwafariji lisilo la kweli. Huchotwa kidogo kidogo kutoka juu, katikati na chini ya kila gunia, vyote vikachanganywa na kusagwa pamoja, ndipo sampuli ikachukuliwa. Mtaalamu wa maabara atawafundisha hayo kwa asubuhi moja, na ujuzi huo una thamani kubwa kuliko mtaji mliounyimwa.

Basi andikeni barua upya kwa mkuu wa kituo, nakala kwa mkuu wa kitivo chenu, bila kutaja neno mtaji. Ombeni siku mbili kwa wiki za kutumia mashine ya kusaga, vipimo vya sumukuvu kwa kila shehena ya karanga mnayonunua, na mtu mmoja wa kuwaongoza katika kuomba alama ya Q ya shirika la viwango, UNBS, ambayo maduka makubwa huitazama kabla ya kupokea chupa yenu. Ulizeni pia mashine zitawagharimu nini, kituo hufungwa lini wakati wa likizo, na nafasi yenu itadumu kwa muda gani baada ya kuhitimu, kwa maana biashara ya chakula ikikatika miezi miwili, mwenye duka huwa amekwisha kupata msambazaji mwingine.

Nawasihi pia msiyape mashindano nafasi ya wateja. Brian Gitta na wenzake, ambao kifaa chao cha Matibabu cha kupima malaria bila kutoa damu kilianza wakiwa wanafunzi Makerere, walishinda mwaka 2018 Tuzo ya Afrika ya chuo cha kifalme cha uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000, na ilikuwa heshima kubwa kwa Uganda. Lakini kifaa cha tiba, pamoja na tuzo zake zote, bado hudai majaribio marefu na vibali kabla ya kufika zahanati. Siagi yenu ina bahati ya kupata mnunuzi wiki hii hii, itumieni.

SWALI: Kwa mradi wetu wa kuhitimu tuliandika programu ya simu inayowaunganisha wakulima na wenye maghala ya kukodisha. Sasa tumepata wateja, na msimamizi wetu anasema programu ni mali ya chuo. Ni kweli?
Msomaji, Masaka

JIBU: Huenda si kweli, lakini msijibizane naye kabla ya kusoma mlichotia saini. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta, na kwa kawaida mwenye haki ni yule aliyeiandika. Kazi iliyofanywa katika ajira huwa ya mwajiri, na mwanafunzi si mwajiriwa. Msimamizi aliyewapa ushauri na kusahihisha ripoti hawi mwandishi kwa sababu hiyo. Akiwa ameandika sehemu ya programu yenyewe, hapo ana hoja. Hata hivyo vyuo vingi vina sera ya mali ya ubunifu inayomhusu mwanafunzi tangu anapojisajili, na ikiwa mlilipwa kutoka katika fedha za utafiti wa chuo, sera hiyo yaweza kukipa chuo fungu. Ombeni nakala yake katika ofisi inayosimamia utafiti, nanyi mwombe kwa maandishi.

Chuo kuwa na fungu si dhuluma, mradi masharti yajulikane mapema. Larry Page na Sergey Brin walipokuwa wanafunzi wa Stanford huko Marekani, hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, ya njia yao ya kupanga kurasa za intaneti ilisajiliwa kwa jina la chuo. Chuo kiliipa kampuni yao, Google, ruhusa ya kuitumia, kikapokea hisa, na kufikia mwaka 2005 kilikuwa kimeziuza kwa dola milioni 336. Hapa kwetu, gari la umeme la Kiira EV, lililotengenezwa na wanafunzi na walimu wa Makerere na kuendeshwa hadharani mwaka 2011, lilizaa kampuni ambayo serikali ina asilimia 96 ya hisa na chuo asilimia 4.

Jambo linalonisumbua zaidi katika barua yako ni neno "tuliandika". Mko wangapi, na nani ana kiasi gani? Sajilini kampuni katika ofisi ya serikali ya usajili, URSB, na mwandike, kabla ya malipo makubwa ya kwanza, hisa za kila mmoja, nani anashika funguo za akaunti na nywila za seva, na itakuwaje mmoja akipata ajira akaondoka.

SWALI: Mwanangu yuko mwaka wa pili. Chuo kimempokea katika kituo chake cha biashara, na sasa anataka ada ya muhula ujao aiweke katika ufugaji wa kuku wa nyama. Nimkubalie?
Mama, Arua

JIBU: Hapana, Mama yangu, ada usiiguse. Nafasi katika vituo hivi kwa kawaida ni ya mwanafunzi aliyesajiliwa. Asipolipa ada aweza kupoteza masomo na kituo kwa pamoja. Kuku wa nyama huhitaji wiki sita hivi tangu kifaranga hadi sokoni, kwa hiyo likizo ndefu inatosha kundi moja dogo. Akupe kwanza hesabu iliyoandikwa: bei ya vifaranga, chakula, ambacho peke yake humeza zaidi ya nusu ya gharama zote, chanjo, idadi anayotarajia ifariki, na nani amekubali kununua. Msaidie kwa kiasi ambacho nyumba yako inaweza kukipoteza bila kuyumba. Na iwapo kuna mtu kituoni anayemwambia asitishe masomo ili ahudumiwe, nenda mwenyewe chuoni ukaonane na mlezi wa wanafunzi, umwombe akuoneshe sharti hilo limeandikwa wapi.