Kabla hujatumbukiza sproketi kwenye ndoo ya maji

Juzi asubuhi dogo mmoja karakanani kwetu Gerezani, Dar es Salaam, alitoa sproketi (lile gurudumu la meno linaloshika cheni) kwenye moto ikiwa nyekundu, akaanza safari ya kuelekea kwenye ndoo ya maji. Nilipiga kelele mpaka mama wa chapati jirani akadhani kuna mtu kanaswa na umeme. Dogo akasimama na koleo lake, macho yamemtoka: "Fundi, si ndivyo wanavyofanya?" Ndiyo, ndivyo wanavyofanya. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo. Kwa hiyo ninyi wote mnaoanza kuchonga sproketi za pikipiki za zamani someni hapa, halafu msinisumbue mpaka Jumatatu.

1. Pima cheni kabla hujawasha lezi, ile mashine inayozungusha chuma ukichonge. Cheni za saizi 520 na 530 zote zina milimita 15.875 kutoka pini hadi pini, ndiyo maana mnazichanganya. Tofauti iko kwenye upana wa ndani: 520 ina milimita 6.35, 530 ina 9.525. Ukichonga jino nene la 530 na mteja ana cheni ya 520, umemchongea pambo la ukutani.

2. Kipenyo cha duara zinapokaa pini hakikadiriwi kwa jicho. Chukua nyuzi 180, gawa kwa idadi ya meno, tafuta sini yake (kitufe cha sin), halafu 15.875 igawe kwa jibu hilo. Meno 15 yanakupa milimita 76.35. Kikokotoo kimo kwenye simu zenu, pembeni ya hizo video za vichekesho.

3. Cheni na sproketi zibadilishwe pamoja. Mteja atakwambia cheni bado nzima. Wote husema hivyo.

4. Ugumu wa chuma. Hapa vuteni ndoo mkalie.

Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu mwenye Yamaha XT500. Silinda moja, cc 499, haina selfu, na kiki yake ukiikosea inakurudishia mguu unachechemea wiki nzima. Aliinunua kwa padri aliyekuwa anarudi kwao, akaitunza kuliko nyumba. Meno ya sproketi ya mbele yalikuwa yameliwa mpaka yamelala upande mmoja kama mawimbi. Kariakoo nzima haikupatikana, na bei ya kuagiza nje ilimfanya avue miwani aifute. Nikamwambia, "Mzee, niachie mimi."

Nilitumia springi ya lori. Hilo si kosa, ni chuma kizuri, kina kaboni ya kutosha. Nililegeza jani lake kwa moto, nikalinyoosha, nikagawa meno 15, nikachonga na kupiga tupa siku mbili nzima. Njia za ndani za kukaa kwenye shafti nilizikata kwenye mashine ya shepa huku nimebana pumzi. Nilipoijaribisha ikakaa kama pete ya ndoa.

Halafu nikaipasha mpaka nyekundu, nikaitumbukiza kwenye maji. Ikalia tsii. Nikapitisha tupa, tupa ikateleza kama juu ya kioo. Jamani nilivyofurahi! Niliwaita wenzangu waje kujaribu, nikasema kwa mdomo huu huu, "Hii ni ngumu kuliko ya Japani." Na kweli ilikuwa ngumu. Kioo nacho ni kigumu.

Mzee akaja jioni. Shikamoo, marahaba, akalipa yote bila kuomba apunguziwe, kiki ya tatu ikawaka, akashika Barabara ya Nyerere. Sasa mjue, silinda moja ya ukubwa ule haiivuti cheni, inaipiga, pigo moja kila krenki, shafti kuu ya injini, ikizunguka mara mbili. Karibu na taa za TAZARA, enzi hizo flaiova ya Mfugale haijajengwa, jino moja likakatika. La pili likafuata. Cheni ikapanda, ikajikusanya kati ya sproketi na krenkesi, yaani ganda la injini, gurudumu la nyuma likajifunga. Bahati kulikuwa na foleni, alikuwa anatambaa tu. Alianguka ubavu, goti likachubuka, kaunda suti ikachanika.

Kesho yake alikuja juu ya guta, yeye na pikipiki yake. Nilisubiri matusi. Akatoa kiberiti mfukoni, akakifungua mezani kwangu. Ndani mna jino moja la sproketi, pale lilipokatika panang'aa chembechembe kama sukari. "Kijana wangu, nimelitafuta barabarani nusu saa huku nakwepa daladala. Nieleze." Sikuwa na cha kueleza. Krenkesi ilikuwa na tundu la kupitisha sarafu ya mia mbili. Nilitafuta fundi wa kuchomelea aluminiamu kwa gesi ya argoni, nikalipa mimi, nikamrudishia mzee hela yake yote, na mwezi ule mwenye nyumba nilimkimbia. Mpaka leo mke wangu akiniona najisifu hasemi mengi. Anasema tu, "Kiberiti."

Njia yenyewe ni fupi. Pasha mpaka sumaku isishike, ongeza moto kidogo, tumbukiza kwenye oili. Kisha, na hapa ndipo mnaporuka, sugua uso ung'ae, pasha tena polepole ukifuata rangi: manjano, kahawia, zambarau, bluu. Ikifika bluu iondoe motoni ipoe yenyewe. Tupa itauma kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Chuma laini cha mageti hakishiki ugumu hata ukikisomea dua.

5. Ulegevu wa cheni pima mtu akiwa amekaa juu. Shafti ya gia, pini ya swingiamu (mkono unaobeba gurudumu la nyuma) na ekseli zikiwa mstari mmoja ndipo cheni inapokaza kuliko popote. Ninyi mnakaza pikipiki ikiwa stendi, shokapu zimenyooka, halafu mnashangaa beringi ya shafti inalia.

6. Klipu ya loki, ile inayofunga kiungo cha kuunganishia cheni: upande uliofungwa utangulie kule cheni inakoelekea. Nimechoka kusema.

Ya saba ilihusu kunyoosha mstari wa cheni kwa uzi, lakini dogo ananiita, oili yake imeanza kutoa moshi.

Yule mzee bado anakuja. XT bado inawaka, kiki ya tatu au ya nne. Kila akikuta sproketi mpya mezani anainyanyua, anaigonga kwa ukucha, anaisikiliza, halafu ananitazama juu ya miwani: "Hii umeiogeshea wapi?"