Khūl, samaki wa Kimansi: asili yake na viambishi vyake

Ukianza Kimansi cha kaskazini, kile cha mito Sosva na Lyapin huko Siberia ya magharibi, shika nomino moja uijue hadi mwisho. Khūl (хӯл), yaani samaki, inafaa sana. Kh ni ile ya "kheri", na ū huvutwa.

Asili yake ni *kala ya lugha mame ya Kiurali, yaani lugha ya kale iliyozaa Kimansi na ndugu zake (nyota huonyesha umbo lililokisiwa). Kifini bado kinasema kala, Kihungaria hal. Kaskazini, k ya kale iliyotangulia irabu ya nyuma (kama a, o, u) iligeuka kh. Lahaja ya Tavda, ambayo sasa imekufa, ilibaki na k. Usilinganishe kwa sikio tu: kol ya Kimari, lugha nyingine ya Kiurali, ni samaki, lakini kol ya Kimansi ni nyumba. Kinachothibitisha undugu ni kanuni ya sauti.

Idadi ni tatu: khūl mmoja, khūlygh wawili, khūlyt wengi. Gh ni ya "ghali", y ni irabu hafifu. Usiimeze irabu hiyo: kolyt ni nyumba nyingi, kolt ni "ndani ya nyumba".

Hapa ndipo wasemaji wa Kiswahili hukwama. "Nyumbani" yetu hutosha kwa kukaa, kwenda na kutoka, kitenzi kikamaliza kazi. Kimansi hutenga: kolt (kukaa), koln (kwenda), kolnyl (kutoka). Kiambishi -yl ni cha kutumia kitu, nacho huingia hata katika kupeana: mpewa anaweza kuwa yambwa (mtendwa wa kitenzi), na samaki anayetolewa akawa khūlyl. Nacho -ygh cha "kuwa fulani" hufanana kabisa na uwili, basi tazama kitenzi: kiima cha wawili hudai kitenzi cha uwili.

Umiliki hutangulia mahali: kolum ni nyumba yangu, kolumt ni ndani ya nyumba yangu. Vinavyomilikiwa vikiwa vingi, usitafute -t ya wingi. Wingi huo hubebwa na -an-.

Yambwa hana alama kaskazini. Khūl hubaki khūl, na akiwa samaki anayejulikana, kitenzi ndicho hubadilika. Lahaja nyingine zilikuwa na -m ya yambwa, kwa hiyo ukisoma maandishi aliyokusanya mwanaisimu Mfini Artturi Kannisto kati ya 1901 na 1906, angalia kwanza lahaja iliyoandikwa pembeni kabla ya kunakili umbo lolote kwenye daftari lako.