Mpwa wangu, msiuze shamba la Magamba kwa ajili ya viza

Marahaba mpwa wangu. Umeuliza kama kuchuma maepo huku Ujerumani kunalipa, kwa kuwa kuna wakala pale Tanga mjini anadai mamilioni akutafutie viza ya shambani, na nyumbani mnawaza kuuza kipande cha shamba la babu yako. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kulipa kunalipa. Mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Lakini hapa Altes Land, kando ya mto Elbe karibu na Hamburg, wachumaji wengi ni Wapolandi na Waromania, na wao hawahitaji viza. Nje ya Umoja wa Ulaya, Ujerumani ina makubaliano ya vibarua wa msimu na Georgia na Moldova. Sisi hatumo. Sasa huyo bwana anauza nini? Mimi mwenyewe niko hapa kwa kibali cha ndoa, unajua.

Kazi yenyewe ni mgongo. Kasha moja la mbao linabeba kilo kama 300, na epo likipata alama ya kidole tu, bei imeshuka. Kitanda unacholalia nacho mara nyingi kinakatwa kwenye mshahara.

Ajabu ya huku ni Aprili. Miti imechanua, usiku baridi inashuka chini ya sifuri, basi wenye mashamba wanaamka kuyamwagia maua maji! Maji yakiganda yanatoa joto kidogo, ua linasalimika ndani ya barafu. Babu yako angesema nimelewa.

Maepo yao ni matamu, siyasingizii, ingawa ya Septemba hukaa ghalani kwenye baridi na oksijeni kidogo hadi Mei. Ila ninayoyatamani ni yale ya Magamba, madogo, makali, tuliyoyachovya kwenye chumvi tukiwa juu ya mti uleule tuliotumwa kuulinda na tumbili. Julai ukungu ulikuwa unatanda mpaka humwoni mama, unasikia tu anavyotugombeza. Mama alijua kabisa nani kala. Mipeasi ya kule chini bado inazaa?

Hela ya wakala nunueni miche ya plamsi na matenga. Zile zinazouzwa Mombo kwenye madirisha ya mabasi haziozi kwa kukosa wateja. Usafiri wa msimu wa kwanza mpaka Mombo nitalipa mimi; mwambie mama yako nitampigia Jumapili tupange.